Paja la Kondoo Nililolichoma Mbele ya Wakwe

Eddo Halima, shangazi yangu,

Assalamu alaikum huko uliko. Ni mimi Abdi, mtoto wa kaka yako. Nimechoka, Eddo. Mimi niliyefikisha lori Juba, nikakaa Jeddah miezi sita, nimechoshwa na paja moja la kondoo.

Wakwe watarajiwa wa Nasra, binti yako, walikuja jana kutoka Rhamu. Nasra alitaka kuagiza chakula hotelini. Nikamwambia, "Achana na hoteli, lile paja la mama yako la rojo ya embe mimi nalipika nimefumba macho." Mbele ya wageni nikaongeza kwamba hata wewe, ni mimi niliyekufundisha. Unisamehe.

Ukweli unaujua. Miaka yote nilikuwa nafika kwako nyama ikiwa tayari kwenye sinia. Sijawahi kukuona ukiipaka rojo.

Basi nikachemsha embe, tende na ukwaju, nikapaka paja likiwa bichi, nikaweka oveni yako moto wa mwisho. Ile sukari ikawa lami. Nje nyeusi, ndani damu. Na wakwe wameshanawa mikono. Nasra kasimama mlangoni ananitazama tu. Afadhali angenitukana.

Nikatoka nikawaambia wote: nimedanganya, mpishi wa nyumba hii tulimzika. Hata mzaha haukunijia. Mama mkwe wa Nasra akainuka, mama mzito, magoti mabovu, akasema, "Wewe ni mlaji, si mpishi. Lete kisu."

Akakwangua lile jeusi, akafunika paja kwa foili, akapunguza moto. Saa mbili nzima wageni wanakunywa chai ya maziwa ya ngamia, hakuna aliyenung'unika. Rojo iliyobaki ikapakwa mwishoni kabisa, nyama ikiwa imeshaiva. Kijiko alimpa Nasra. Nasra akapaka huku analia, yule mama kamshika mkono kama anamfundisha kuandika.

Nilikula. Haikuwa kama yako. Lakini hawakuondoka, Eddo, na harusi ni Alhamisi.

Wakati tunaosha masinia yule mama akaniuliza ulikuwa mtu wa namna gani. Mimi, na maneno yangu yote, nikakosa neno. Nimemwahidi harusi ikiisha nitakaa naye nimweleze, na sitaongeza hata neno moja la uongo.

Basi pumzika, Eddo. Mungu akulaze pema. Nikimweleza, nitaanza na mikono yako.

Abdi