Moshi wa Jumamosi

Calgary, 9 Oktoba 2011

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa tangu umalize kupasua kuni. Huku hatujambo, kazi tu.

Kuhusu wewe kuhamia kwangu, umekataa mara tatu na nimesikia. Lakini nina ombi. Boila lako la kuni, linalopasha maji ya mabomba ya nyumba nzima, liko uani, hatua arobaini kutoka mlangoni, na lazima ulilishe asubuhi na jioni hata baridi ikipasua miti. Siku utakayoshindwa kulifikia, maji yatapoa, nyumba itapoa, mabomba yataganda. Nataka kukuwekea boila la gesi ndani, liunganishwe na hilo la nje. Litakaa kimya, liwake lenyewe nyumba ikipoa. Ukikubali, sitataja tena habari ya kuhama. Nakuahidi kwa maandishi.

Tena huenda ukaweza kutusalimia wakati wa baridi. Miaka kumi na moja niliyokaa huku hujaja hata mara moja, eti moto hauachwi peke yake.

Mwanao,
Sirkka

---

Lappe, Ontario, 20 Oktoba 2011

Mwanangu Sirkka,

Marahaba. Mimi mzima. Goti la kushoto linasema theluji itaanguka Alhamisi, nalo halijawahi kukosea.

Lempi wa ng'ambo ya shamba alileta mkate wa iliki, nikamsomea barua yako.

"Mwache mtoto aweke," akasema. "Nimechoka kuchungulia dirishani kila asubuhi kama moshi wako umepanda."

"Nani alikutuma uchungulie?"

"Hakuna. Na nisipochungulia mimi, nani atakuokota?"

Nikamwongezea kahawa.

Nikueleze jambo ambalo labda sikulieleza vizuri. Nilikuwa na miaka minane tulipohama Karelia, kule Ufini, kwa mara ya mwisho kwa sababu ya vita. Farasi alikuwa amefungwa tayari kwenye mkokoteni. Mama akarudi ndani, akatoa makaa yote kwenye jiko, akayamwagia maji, kisha akafagia sakafu. Nikamuuliza anamfagilia nani. Akafagia mpaka mlangoni. Nilipoligusa jiko lilikuwa bado na uvuguvugu. Hatukurudi. Tangu nipate nyumba yangu mwenyewe sijauacha moto ufe wakati wa baridi hata siku moja. Uniite mkaidi, lakini ujue ukaidi umetoka wapi.

Weka hiyo gesi. Ila moto wa kuni ndio mwenye nyumba. Gesi ni mgeni.

Baba yako

---

Lappe, 3 Desemba 2011

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na mgeni ameshaingia.

Fundi Darcy alifanya kazi safi. Maji ya boila la nje na maji ya ndani hayachanganyiki. Yanapitana katika kisanduku chenye vibati vyembamba na kupeana joto tu, kama majirani wanaosalimiana juu ya ua. Kuni zinaishika nyumba kwenye nyuzi ishirini. Gesi imetegwa kumi na tano, na ikiwaka inarudisha joto kidogo nje ili mabomba yasigande. Nilitaka aitege tano.

"Mzee," akasema, "kwa nyuzi tano utakuwa nyama ya friji."

Basi iko kumi na tano, na kwa ahadi yangu kwako sitaigusa. Mpaka leo haijawaka hata mara moja.

Jumapili, kwenye kahawa ya ukumbi wa kijiji, nilijigamba mbele ya watu kwamba sasa nikitaka kulala mpaka saa tatu asubuhi, nalala. Lempi akacheka mpaka akapaliwa.

Baba yako

---

Hospitali, Thunder Bay, 12 Februari 2012

Mwanangu Sirkka,

Natumaini ulifika salama na kazini hawakununa. Nyonga inauma kwa adabu sasa. Ulipokuwa kando ya kitanda, dawa zilikuwa zimenilegeza akili na hukupata habari kwa mpangilio. Sasa nina karatasi.

Nilianguka Ijumaa tarehe tatu, alfajiri, kwenye sakafu ya jikoni, nikiwa na koti tayari kwenda kulisha boila. Simu iko ukutani, juu. Niliweza kujivuta hadi kwenye ndoo ya maji, zaidi ya hapo hapana. Nje kulikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Mchana nikajua moto umekufa, maana bomba lililopita karibu na mkono wangu lilipoa polepole, nami nilikuwa nalishika kama mtu anayepima mshipa wa mgonjwa. Nikamkumbuka mama na jiko lake. Nikasema, basi, imefika zamu yangu.

Kisha chini ya sakafu nikasikia kitu kimepumua, na baadaye bomba likaanza kupata uvuguvugu. Mwanangu, yule mgeni alikuwa amewaka. Nililala usingizi.

Kosa lilikuwa la mdomo wangu. Lempi aliona hakuna moshi Ijumaa, akasema, "Hatimaye mzee amejifunza kulala kama watu." Jumamosi asubuhi pia hakuna moshi, akaniacha nilale. Lakini ilipofika saa kumi jioni, bomba la moshi la sauna yangu, kile kibanda cha kuogea mvuke, likawa bado tupu. Sauna haina gesi. Na tangu tufahamiane, miaka arobaini, hajaona Jumamosi yangu bila sauna, hata siku tuliyomzika mama yako. Alivuka shamba bila kofia.

"Wewe mzee," akasema akiwa amepiga magoti, "ungeniambia kama unalala au unakufa."

"Nilikuwa sijaamua," nikamjibu.

Naandika kwa mkono uliochoka, lakini neno ni moja: asante.

Baba yako

---

Calgary, 26 Februari 2012

Baba,

Shikamoo, na pole bado. Lempi amenipigia simu akilia, nikamwambia wewe mwenyewe unasema kosa ni la mdomo wako. Akaacha kulia mara moja, akakubali. Analilisha boila lako kila asubuhi, na akichelewa gesi inashika zamu.

Najua unangoja niseme neno fulani. Tangu nilipokuona pale kitandani natembea nalo. Sitalisema. Niliahidi kwa maandishi. Ukitoka hospitali, utarudi nyumbani kwako.

Mwanao,
Sirkka

---

Lappe, 3 Aprili 2012

Mwanangu,

Hujambo. Mimi natembea na fimbo, nakula vizuri, na barua hii naileta mwenyewe mfukoni.

Wiki tatu zilizopita nilirudi nyumbani nikakuta nyuzi ishirini. Nilikaa jikoni nikiwa na koti mwilini, kwa furaha tu. Ulikuwa na haki ya kulisema lile neno, na hukulisema. Kwa hiyo nilikata tiketi ya kuja kula Pasaka kwako, ya kwenda na kurudi.

Lempi amekuja na gari, anapiga honi.

"Jumamosi utawasha sauna yangu," nimemwambia kwenye dirisha la gari.

"Nimwashie nani, na wewe hupo?"

"Uoge wewe, bibi. Na watu waone moshi."

Tangu jana asubuhi sijaweka kuni. Makaa yamejifia yenyewe, sikuyamwagia maji. Alfajiri hii nimesimama jikoni, mkono kwenye bomba, mpaka gesi ikapumua chini ya sakafu. Kisha nimetoka na kufunga mlango, namalizia barua hii ngazini. Sakafuni kuna vumbi la kuni na makombo ya mkate wa iliki. Sikufagia.

Baba yako