Mama mkwe, chungu changu hakikuwa na chumvi

Mpendwa mama mkwe,

Tangu tulipokuzika kwenu Pinga nimeianza barua hii mara tatu nikaiacha. Hukujua kusoma, nami sina wa kumpa akusomee. Lakini kuna neno nililokuficha, na leo nataka nilitoe.

Unakumbuka ulivyofika kwetu Walikale, mwaka wa pili baada ya vita vya Wazungu kwisha? Ulitembea siku kadhaa msituni ukiwa na nyama ya nguruwe mwitu iliyokaushwa, pamoja na chumvi uliyoifunga vizuri kwenye majani. Nilikupokea kwa magoti, nikakuandalia sombe ya majani ya muhogo na ndizi. Ulionja tonge moja, ukasukuma sahani.

“Mutoto yangu ananyimwa chumvi mu nyumba yake?”

Mkwe hajibizani na mama mkwe wake. Nilimngojea Petro, mwanao na mume wangu, akueleze sababu. Akanyamaza.

Hukuwa umeona yaliyotupata. Petro alikuwa akipasua magogo yaliyolazwa juu ya shimo; mwenzake juu, yeye chini shimoni, anavuta msumeno huku vumbi la mti likimwangukia. Kwenda mtoni kunywa ni kusimamisha kazi ya mwenzake, kwa hiyo alishinda na kiu hadi jioni, halafu anakula nyama ya chumvi. Jiwe la kwanza la figo lilimtoka akikojoa damu. La pili lilikuja kiangazi kilichofuata, nikamwona mwanamume mzima akijiviringisha chini kama mtoto. Muganga wa disipanseri alimwambia mbele yangu: “Hii jiwe itatoka, lakini ingine itakuja kama haunywe maji. Kunywa mpaka mukojo ikuwe mweupe. Chumvi, punguza. Nyama ya kukausha, punguza.” Mimi nikatii. Nilitia chumvi ya kubana kwa vidole viwili tu, nikaongeza ndimu na pilipili ili chakula kisimchukize.

Ungelijuaje hayo, mama? Kwenu mwanamke anayemnyima mume chumvi amekwisha kumchoka. Ukaingia jikoni mwangu ukapika mwenyewe. Petro alikula nyama yako siku tano, akicheka kama zamani, kibuyu cha maji nilichomwekea mlangoni kikabaki kimejaa. Nilisikia ukiwaambia majirani juu yangu, mimi niliyeolewa kutoka Masisi: “Huyu bibi ya Masisi iko anamukausha.” Nikaendelea kuchota maji na kufua nguo zako.

Siku ya sita, alfajiri, ubavu ulimshika. Ulimwona akiuma blanketi. Ulimwita kwa jina lake la utotoni naye hakuweza kuitika, aliguna tu kwamba muganga alikwisha kumwonya. Halafu ukaja jikoni, khanga imekuanguka mabegani, ukaniuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako:

“Ile muganga alisema nini? Uniambie, pole pole.”

Nilikuambia yote. Jiwe lilipotoka, muganga alikuhakikishia kwamba lilikuwa limekaa humo muda mrefu, halikuletwa na nyama ya siku tano. Ulilia hata hivyo.

Tangu hapo nani angekuweza? Kila asubuhi ulibeba kibuyu mpaka kwenye shimo la mbao, ukasimama ukingoni.

“Kunywa, nione.”

“Mama, watu wanaangalia.”

“Waangalie! Kunywa.”

Wenzake walicheka, kisha nao wakaanza kuomba maji. Nawe ukaacha kutia chumvi kwenye chakula chako mwenyewe, ili mwanao asile chakula kisicho na chumvi peke yake. Ile chumvi ya kwenye majani ulinipa, ukasema: “Peleka kwa mama yako, kule Masisi.” Hukuomba radhi kwa maneno. Mama yangu alipoipokea na kusikia imetoka kwako, alikuombea kwa Mungu.

Petro ni mzima. Lilimtoka jiwe jingine dogo mwaka ule alipougua homa na kukataa kunywa, na tangu hapo hakuna. Wakati mwingine anachoka na ndimu, anatamani nyama, nampa kidogo siku ya Noeli. Anakunywa maji bila kusukumwa. Nikimwona anainua kikombe, nakukumbuka, na moyo unaniuma.

Sasa neno lenyewe. Asubuhi ile ulipokuja jikoni, mzigo wangu ulikuwa umefungwa nyuma ya kuni. Nilikuwa nimeamua kurudi kwetu Masisi, hasira yangu ilikuwa zaidi kwa Petro aliyenyamaza kuliko kwako. Nilikuwa nangojea tu mwanga wa kuonea njia. Ulipouliza, nilikaa chini nikakueleza, na uliporudi kumshika mwanao, niliufungua mzigo nikarudisha nguo mahali pake. Petro hajui hata leo. Kama ungekuwa mtu wa kuona haya kuniuliza, mama, ningekwenda.

Lala salama, na ardhi ya Pinga ikuwie nyepesi.

Ni mimi mukwe wako,
muke wa Petro