Ngamia Sita Niliosema Ni Safi

Jumanne, baada ya swala ya Alasiri. Jua la leo halichomi, linapiga. Mbuzi wa jirani wamelala chini ya mkokoteni, ndimi nje.

Leo nimempiga mwanamume mzima kwa bakora mpaka damu ikamtoka puani. Mkono wangu wa kushoto, ndio ninaoutumia kwa kila kitu, umevimba kama mkate wa mofa, kwa hiyo naandika kwa kidole kimoja cha kulia. Mkiona makosa nyamazeni.

Kumpiga sijutii. Ninachojutia ni kingine, na nitakiandika, hata kama nitakizunguka kidogo kwanza kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Ukurasa huu nilifunguliwa na mjukuu wangu Hodan, binti wa Sahara wangu, nilipomaliza masomo ya ngumbaru. Aliniambia, "Ayeeyo, unagombeza watu sana hapa nyumbani. Wagombeze huko kwenye simu, huko hawawezi kukukimbia." Ayeeyo ni bibi kwa Kisomali. Sokoni Garissa hata wazee wenye ndevu nyeupe wananiita hivyo.

Vitabu nilivichelewa. Lakini chapa ya ngamia naisoma tangu sijaota meno ya ukubwa. Baba yangu alikuwa mchoma chapa, anashika chuma cha moto, mimi nashika kichwa cha ndama. Alipozeeka nikashika chuma mwenyewe. Kuanzia Sangailu mpaka Wajir, nionyeshe shingo ya ngamia nitakuambia ni wa ukoo gani. Ndiyo maana mnunuzi wa Garissa hapakii ngamia asiowajua mpaka niguse shingo na kusema, "Safi." Nikinyamaza, hapakii. Sina shahada wala muhuri. Nina hilo neno moja tu.

Sasa yuko tajiri mmoja wa malori. Jina lake silitaji. Boma lake liko nje ya mji, njia ya kwenda Modogashe, ukuta mrefu una vigae vya chupa juu. Watu wanasema mambo kuhusu boma hilo. Wanasema ngamia wanaingia na chapa moja wanatoka na nyingine. Wanasema vijana wake wana bunduki. Miezi mitatu iliyopita watu wenye bunduki walimvamia mkwe wangu Bare, mume wa binti yangu Sahara, akinywesha ngamia huko Sangailu. Walimpiga kitako cha bunduki usoni mpaka jicho likatoka. Wakachukua ngamia kumi na mmoja. Bare sasa anakaa amegeukia ukuta. Sahara anauza kuni.

Watu walisema ni vijana wa tajiri. Mimi nikasema, mliona? Hakuna aliyeona.

Wiki iliyopita tajiri akaja kwangu mwenyewe, viatu amevua mlangoni, sauti ya asali. "Mama, njoo ukae bomani kwangu kwenye kivuli. Mshahara kila mwezi, chumba cha bati, tangi la maji. Kazi ni ile ile yako."

Nilijua jina lake linanuka. Msidhani nilidanganywa, mimi si mtoto. Lakini macho yangu yana ukungu siku hizi, ukame umeua mifugo, na sokoni nakaa kutwa bila shingo ya kugusa. Nilikitaka kile kivuli. Nilitaka kuitwa tena. Nikajiambia maneno ya watu ni maneno tu, nikaenda.

Leo asubuhi ilikuwa siku yangu ya kwanza.

Nyapara wa pale ni Gure, jitu lenye kucha chafu na kiboko kiunoni. Aliniwekea kiti na chai ya maziwa. Sijamaliza kupoza chai, mfugaji mmoja mwenye kikoi akafika getini. Aliomba kwa adabu aingie aangalie ngamia, kuna wake walipotea. Gure hakumjibu. Alimpiga kiboko cha shingo, yule akainama, walinzi wawili wakaanza kumkanyaga. Nilisikia mbavu. Nyie mlio wadogo hamjui mbavu zinavyolia, ni kama kuni mbichi inavyovunjwa juu ya goti. Alitema meno mawili mchangani, akayaokota, akaondoka nayo mkononi.

Na mimi?

Mimi nilikoroga sukari.

Nimekaa nikiyaangalia hayo maneno matatu kwa muda mrefu. Yabaki.

Kisha wakaanza kuleta ngamia. Nawaambia kitu ambacho watu wa soko hawakijui. Chapa ya mtu mwaminifu unaweza kuiona kwa macho, lakini uongo unaujua kwa vidole. Chapa mpya ikichomwa juu ya ya zamani, ile ya zamani inabaki chini ya ngozi, ngumu, kama uzi ndani ya pindo. Kwa macho yangu haya siwezi kuiona. Kwa vidole siwezi kuikosa.

Wa kwanza nilimtazama kwa macho. "Safi."

Wa pili kwa macho. "Safi."

Mpaka wa sita. Mikono yangu ilikuwa mapajani, imetulia kama ya bibi harusi. Hakuna aliyenizuia kugusa. Mimi ndiye sikutaka kujua. Wakawapakia, lori likapiga honi, likaenda. Kufikia sasa limepita Mwingi. Machinjio ya Nairobi hayaulizi ngamia jina.

Wa saba alikuwa na kidonda shingoni, usaha na nzi. Alipoletwa karibu alinusa shela yangu, akaning'ata bega taratibu, bila kuumiza. Mkono ukaenda wenyewe.

Chini ya gaga la chapa mpya kulikuwa na mstari mmoja na nukta mbili. Ndiyo chapa ya baba yangu. Na nukta ya chini ilikaa upande, si mahali pake, kwa sababu aliyeichoma anatumia mkono wa kushoto na siku zote nukta yake ya chini humkimbia. Baba alinichapa makofi mara nyingi kwa ajili ya nukta hiyo.

Nilimchoma mimi huyu. Akiwa ndama, wiki Sahara alipoolewa. Ni zawadi yangu.

Nikasimama. Gure akasema, "Vipi Ayeeyo, sema safi, lori la pili linangoja."

Nikamwambia huyu ni wa binti yangu.

Akacheka. "Ayeeyo, macho yako yamekufa zamani. Sisi tunalipia ulimi. Ulimi hauna kazi ya kupapasa."

Bakora ilimpata puani. Ya pili sikioni, ya tatu mdomoni hapo hapo ulipotoka upuuzi huo. "Mbwa wewe! Jicho la mkwe wangu liko wapi? Litapike!" Alianguka kwenye mavi ya ngamia na nikaendelea. Nilitaka kumuua, wallahi, Mungu anisamehe. Nilitaka nisikie na mbavu zake.

Alipoinuka na kiboko, wapakiaji wa lori wakamrukia, watu wanne. "Wewe Gure, unampiga ayeeyo wa soko zima?" Wakamshika mpaka nikaikamata kamba ya ngamia wangu na kutoka naye getini. Walinzi waliangalia miguu yao.

Kumbe walikuwa wanaweza kumzuia. Watu wanne tu. Asubuhi walikuwepo wote, na mimi nilikuwepo, na bakora hii hii ilikuwa imeegemea goti langu.

Ngamia amefungwa hapa nje. Nimemwosha kidonda kwa maji ya chumvi, amelia, nimelia, basi.

Baada ya Adhuhuri tajiri alipiga simu. Bado sauti ya asali. "Mama, hasira za jua hizo. Huyo ngamia kaa naye, ni zawadi. Ila kumbuka, wale sita ni wewe uliyesema safi, mbele ya dereva wangu. Ukinichafua mimi, unajichafua na wewe."

Hapo hakudanganya, mwana haramu.

Sahara ameshapiga mara mbili. Habari zimemfikia kwamba mama yake amempata ngamia. Hodan ndiye aliyepokea, anasema Sahara anacheka na kulia kwenye simu, anasema, "Hooyo ni simba," yaani mama ni simba. Mimi sijaishika hiyo simu. Binti yangu anahesabu ngamia mmoja aliyerudi. Hajui kuhusu wale sita. Huenda wote walikuwa wake. Sitajua kamwe, na hiyo ndiyo adhabu ya mtu mwenye vidole aliyevikalia.

Kesho ni siku ya soko. Nitamchukua huyu ngamia mpaka katikati, pale wanunuzi wanaposimama, nimwonyeshe kila mtu shingo yake. Kabla ya hapo nitampigia Sahara, asiyasikie kwa watu. Vijana wa tajiri wakija na bunduki zao, waje, soko lina macho mengi kuliko yangu. Baada ya hapo sijui nani ataniita tena kugusa shingo. Labda hakuna.

Ningeweza kuanza na huyu wa saba, na bakora, na pua ya Gure. Soko lote lingenishangilia, na wale sita wangepita kimya kama walivyopita leo.

Nitaanza na wale sita.