Kwenye Kompyuta Bado Ulikuwa Hai

Siwema, shoga yangu,

Amani ikushukie huko ulikotangulia, na sisi tuko njiani nyuma yako, Mola akipenda. Ni mimi Mwajuma, Mama Shani. Naandika nikiwa nimekalia kiti chako cha plastiki, kile chenye mguu uliofungwa waya, mchana kweupe, wateja wanaingia na kutoka. Nakwambia mapema ili usidhani nimekuja kulia. Nimekuja kukupa taarifa ya kazi. Kulia, kukinishinda, utanisamehe.

Taarifa yenyewe ni kwamba tangu uzikwe, kwenye kompyuta ya duka letu ulikuwa bado hai. Niliyekuacha hai ni mimi. Na ulikuwa unaita watu, Siwema. Uliita mpaka mama yako kule Milola akaitika.

Unakumbuka siku uliyonifundisha mafundo? Mimi na darasa langu la saba, wewe na kozi yako ya kompyuta kule Mtwara. Ulikuwa umeshachoka na virusi vya flashi za wateja, ukaweka Linux, mfumo usioguswa na virusi hivyo, ukafungua ile skrini nyeusi isiyo na picha hata moja. Fundi Saidi wa cherehani akachungulia mlangoni akauliza, "Dada Siwema, humo gizani unaongea na nani?" Nami nilikuwa najiuliza hivyohivyo, ila niliona haya kusema.

Ukashika pembe ya kanga yangu nilikofunga ufunguo wa duka. Ukasema mtu akiitazama kanga anaona maua na maandishi, fundo halioni mpaka aishike. Na faili ni hivyo. Jina lake kila mtu analiona, ukubwa wake kila mtu anauona, lakini unaweza kulifungia neno pembeni na asilione yeyote mpaka aulize kwa amri yake. Ya kufunga ni setfattr. Ya kuuliza ni getfattr. Na jina la fundo lazima lianze na user, ukisahau inakukatalia. "Kama bismillahi," ulisema, na tulicheka mpaka Saidi akaja tena kuchungulia.

Fundo lako kubwa lilikuwa moja, user.hali. Kila sauti tuliyoiweka humo, kaswida za kina mama, matangazo ya majirani ya kupigwa kwenye spika ya nje, sauti za wazee ambazo watoto wao walituletea kabla simu hazijaharibika, uliifungia neno: hai, au marehemu. Na kile kiprogramu ulichokiandika kwa ajili ya spika kilikuwa kinauliza fundo kwanza. Aliye hai anapigwa. Aliye marehemu anaachwa apumzike mpaka wanawe waje kumwomba.

Sitasahau siku ya Bi Tausi wa bajia. Msikiti ulitangaza msiba wake asubuhi, na tangazo lake la bajia lilikuwa limetoka kupigwa muda uleule. Ulikwenda ukatia udhu. Ukarudi, ukasema innalillahi, ndipo ukaandika amri ya kubadili fundo, taratibu, kama mtu anayefunika uso wa mtu. Nikakuuliza kwa nini usifute tu. Ukasema, "Kufuta ni kumzika mara mbili. Mimi nataka faili lijue. Faili halijui kama mwenyewe amekufa, Mama Shani. Usipoliambia litaendelea kuuza bajia."

Maneno hayo yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ulipokwenda kwa mama yako ulisema ni homa tu, unakwenda kupumzika. Habari ilipofika, mvua ilikuwa imeikata barabara, basi likazama kwenye tope, na nilipoingia Milola niliwakuta wanaume wanarudi kutoka makaburini na majembe. Uso wako sikuuona. Kilio nilikilia kwenye mkeka, na watu wote, lakini moyoni nilikuwa kama mtu aliyefika kwa jirani akaambiwa mwenyeji katoka kidogo.

Baada ya hitima nikarudi Lindi, nikafungua duka. Mkono ukafanya ulichozoea, ukawasha kompyuta, ukawasha spika. Ikapita kaswida. Halafu ukaja wewe.

"Karibuni, karibuni wapendwa! Kutoa kopi, kuchapa, kulamineti, picha za pasipoti, yote hapa! Msipite na shida zenu!" Halafu kile kipande. "Nakuja!"

Siku ya kurekodi nilikuwa nje na chupa ya chai, nikakuita kwamba inapoa, ukanijibu ukiwa bado umeshika maiki. Nikakuomba urudie. Ukakataa katakata. "Iache, watu wajue humu mna watu."

Basi fikiria, shoga, kulisikia hilo kutoka kwa mtu aliye chini ya udongo. Karibuni, karibuni. Nakuja! Inapita kaswida. Nakuja! Fundi Saidi alivumilia, alipochoka akaja na kidole chake kimefungwa kitambaa. "Mama Shani, mzime marehemu wa watu. Kila akisema anakuja nageuka kutazama, nimeshajidunga sindano." Wengine walipita upande wa pili wa barabara. Wengine, wasiojua, waliingia wakitabasamu.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Nyangamara, na cheti cha mwanawe cha kulamineti. Nikanyoosha mkono nikipokee. Akakivuta kwake. "Namngoja huyo aliyesema anakuja."  Nikamhudumia aliyekuwa nyuma yake, na mwingine nyuma ya huyo, naye amekaa kwenye benchi na cheti mapajani, anatazama mlango wa stoo. Spika ikasema tena unakuja. Akaitikia kwa kichwa, akajisogeza kuacha nafasi ya mtu kupita. Mwisho akasimama, akasema atarudi siku nyingine. Nami, Siwema, kuanzia hapo nikawa nautazama ule mlango.

Usiniulize kwa nini sikubadili fundo. Nilijaribu. Niliuliza kwanza, getfattr, na ile skrini nyeusi ikanijibu bila kusita: user.hali, hai. Nikaanza kuandika amri ya kubadili. Nikafika kwenye neno lenyewe, nikaandika m, nikaandika a, vidole vikafa ganzi. Spika ningeweza kuizima kabisa, hata mtoto angeweza. Sikuizima. Wewe hukunicheka hata siku moja kwa hiyo nakwambia: adhana ilikuwa inaita nami nachelewa kunyanyuka, nipate kukusikia mara moja tena.

Halafu mdogo wako Hamisi akapiga simu. Alikuja dukani siku chache kabla ya hapo, akachukua folda nzima ya spika kwenye flashi, mama apate kaswida za kusikiliza kwenye ile redio yake ndogo. Hakutazama kilichomo. "Dada Mwajuma, njoo. Mama anaongea na redio. Siwema anaita, mama anamjibu, majirani wanakusanyika uani kama kwenye ngoma. Wajomba wameshaamua. Redio wanaivunja, mama wanampeleka kwa mganga atolewe pepo."

Kwa mganga, Siwema. Mama yako, ambaye sijawahi kumwona akikosa sala.

Kabla sijaondoka nilitaka kujua ni Siwema yupi aliyeko Milola. Nikachukua flashi, nikanakili faili lako, nikaliuliza fundo lake. Halikunijibu kitu. Amri ikapita, mstari mtupu, ikaningoja niseme jingine. Ndipo nikakumbuka ulivyonionya kwamba flashi za wateja hazibebi mafundo, likivuka pale linafunguka njiani, na kanga inafika nyepesi bila mwenyewe kujua alichodondosha. Kwa hiyo kwangu dukani ulikuwa hai. Kaburini ulikuwa marehemu. Na kule uani kwa mama yako hukuwa hai wala marehemu. Ulikuwa sauti tu isiyo na hali, inaita watu. 

Nikafika Milola adhuhuri imepita. Mihogo imeanikwa juu ya mawe, kuku wamejibanza kwenye kivuli cha ghala. Mama yuko kwenye mkeka anabangua korosho, mikono myeusi kwa mafuta ya maganda, redio imening'inia kwenye msumari wa mlango. Wajomba wawili wamekaa pembeni. Hamisi ananitazama kama mimi ndiye daktari. Nikapiga shikamoo, mama akaniitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Kaswida ikaisha.

"Karibuni, karibuni wapendwa! Kutoa kopi, kuchapa, kulamineti..." Pale, Siwema. Katikati ya mihogo na mikorosho, unawaita watu waje kulamineti. Ingekuwa siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. "Nakuja!"

Na mama yako, bila kuinua macho, akasema, "Haya mwanangu. Taratibu, usijikwae."

Mjomba mkubwa akapiga goti lake kofi. "Umemsikia?" Nikakaribia mkekani, nikaanza yale niliyokuwa nimeyapanga kwenye basi, kwamba mama, Siwema alitangulia, hiyo ni sauti ya kurekodi tu. Akaniacha nimalize. Halafu akaiweka korosho chini.

"Nani kamwosha Siwema?"

Nikaanza kuokota maganda mkekani.

"Mikono hii. Nimemwosha, nimemtia kafuri, nimemfunga kidevu chake mimi mwenyewe, kinywa kisibaki wazi. Unadhani nimesahau? Hawa kaka zangu wanadhani nimesahau." Akawatazama, na wale wazee wawili wakainamisha vichwa kama watoto wa madrasa. "Najua alipo. Lakini mtu akiita huitikiwa. Nyinyi nyote mnamsikia na kukaa kimya, mnaniachia mimi peke yangu. Halafu mwenye pepo ni mimi?"

Hamisi akaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Mama akanisogelea, akapunguza sauti. "Nikuulize wewe uliyekuwa naye. Hapo anaposema anakuja, alikuwa anamjibu nani?"

Nikamwambia. Mimi, mama. Nilimwita chai.

Akaiokota korosho yake tena. Ile redio ilikuwa imehamia kwenye kaswida nyingine, na nakuapia sikusikia hata neno lake moja. "Basi shida iko kwako," akasema. "Umemwita, naye bado anakuja. Mimi naweza kumwitikia mpaka kesho, hatanisikia, hakuitwa na mimi. Kamwambie asije tena. Apumzike mwanangu."

Redio haikuvunjwa. Mganga hakutajwa tena, na mjomba mkubwa ndiye aliyenisindikiza mpaka kituoni, amebeba mfuko wangu.

Kesho yake nikaja dukani kabla ya wateja. Nikatia udhu kwenye bomba la nyuma. Nikakoroga chai, nikamimina vikombe viwili kama zamani, nikanywa changu, na chako nikakinywa. Nikasema kwa sauti, Siwema, chai imekwisha. Nimeinywa yote. Usije. Kaa huko ulikolazwa, Mola akupanulie. Nikasema innalillahi. Halafu nikaandika, na safari hii vidole havikusimama:

setfattr -n user.hali -v marehemu karibu.mp3

Haikusema kitu. Unajua yenyewe ikitii haineni. Nikauliza kwa getfattr, ikanijibu, na hapo, shoga yangu, ndipo nilipokuzika. Nililia hadi Fundi Saidi akaja na kiti chake akakaa mlangoni, amenipa mgongo, anawaambia wateja duka litafunguliwa baadaye.

Spika inapiga sasa kaswida, na ikiisha inakuja nyingine. Katikati pana pumzi ndogo. Pumzi hiyo ikipita Saidi bado ananyanyua kichwa, nami nanyanyua, halafu kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Mama yako, Hamisi ananiambia, amebadili jibu. Ukisema unakuja anakwambia, "Tulia mwanangu, tutakuja sisi."

Nina moja la mwisho, na hili sijamwambia mtu. Yule mama wa Nyangamara amerudi juzi na cheti chake. Safari hii akanipa mwenyewe. Nikamuuliza, leo humngoji mwenzangu? Akasema, "Aa, nimemsikia nilipokuwa pale kona. Leo kanikaribisha tu. Hakusema anakuja."

Spika ilikuwa kwenye kaswida. Nilimuuliza Saidi, hakusikia kitu. Niliuliza fundo, likanijibu marehemu, kama nilivyolifunga. Sikumbishia yule mama. Nilimlaminetia cheti chake vizuri, nikakata pembe, nikamkabidhi. Allah ndiye mjuzi, mimi ni mtu wa kopi na kulamineti.

Shani amejifungua, mtoto wa kiume, ndiyo maana jina lako bado linangoja. Tangazo jipya nimelirekodi mimi leo, bado halijapigwa, sauti imekwaruza kama ya kuku mwenye kiu, tungecheka wote. Nimelifungia hai kwa sasa, na Shani nimemwonesha amri yake, siku ikifika anajua la kuandika.

Nakuahidi hivi. Sauti za watu ulizoziacha humu sitazifuta, na kila msikiti utakapomtaja mmoja wao nitatia udhu kwanza, kama ulivyofanya. Mama yako nitamwendea. Nawe sitakuita tena, hata chai ikipoa.

Lala salama, Siwema. Na siku utakaposikia naitwa mimi, usishtuke, usinyanyuke kunipokea. Nitajibu kama ulivyonijibu siku ile, na maiki mkononi.

Nakuja.

Shoga yako,
Mwajuma