Pindo la pazia

Mwenzangu, acha unachofanya usome. Nimetoka kliniki na mdogo wangu.

Nesi kamimina ARV zake kwenye trei, kahesabu. Hesabu imetimia, hakijazidi hata kidonge kimoja. Lakini kipimo kinasema virusi vimepanda!!

Nikamrukia palepale: "Unameza au unatuchezea? Nakulisha, nakulaza, wewe kazi yako kujiliza!"

Nesi akamuuliza mdogo wangu kwa upole, "Unalala, mama?" Akasema tangu mumewe amwache, kila akiamka anatamani asingeamka.

Mimi nikacheka. NIKACHEKA, mwenzangu. Nikasema, "Mawazo ni ya wenye nafasi."

Nesi akanitoa nje kama kuku aliyeingia sebuleni.

Niliporudishwa, mdogo wangu ameshakiri kuwa alikuwa hamezi, na wameshapanga: dawa anaanza upya, na kila wiki ataonana na mshauri wa afya ya akili. Nikauliza, sasa vidonge vya miezi mitatu vimekwenda wapi?

Mdogo wangu akanijibu, "Viko kwako, dada. Kwenye pindo la pazia."

Yale mapazia aliyonishonea! Yale uliyoyasifia wewe, ukasema fundi kajua kushona, yamenyooka hata upepo hauyasogezi!

Nimefika nyumbani nimeyapapasa. Kidonge, kidonge, kidonge. Kila kimoja na kijifuko chake. Mshono safi, huoni hata uzi.

Nikamuuliza, kwa nini hukuvitupa tu?

Hata hakupandisha sauti. "Kila asubuhi ulikuwa unanipigia kelele kutoka mlangoni: meza, usije ukatufia hapa. Nilitaka uvikute siku ya kuyafua, dada. Mimi nikiwa nimeshazikwa."