Mwanangu Aliniigiza Mbele ya Mtaa Mzima

Mpendwa Mama Syauswa,

Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la hasira. Mimi ni dereva wa lori, nabeba mizigo kati ya Kasindi na Butembo, na mwanangu Issaka, mwenye miaka kumi na miwili, yuko katika kikundi cha watoto wa mtaa wetu wanaotunga michezo yao wenyewe na kuiigiza, basi juma lililopita walitualika sisi wazazi na majirani, nami nilikuwa nimerudi safarini, nikaenda kwa furaha nikaketi mbele kabisa. Mchezo ulikuwa juu ya nyumba moja, watoto wanaimba na kucheka mpaka honi ya lori inasikika nje, hapo mama anazima redio, watoto wanaficha mpira na kupanga viatu mlangoni, baba anaingia na funguo zikining'inia kidoleni, anaketi, anatazama viatu, hasemi hata neno moja, na watu walivunjika mbavu, na mimi nilicheka mpaka machozi, mpaka nikaona kwamba yule baba, ambaye ni Issaka, anatembea kama mimi, bega moja chini.

Kesho yake pale parking vijana wa malori waliponiona wakapiga kelele kunitania: « Munyamaze, papa amefika! » Nikaenda kwa Siméon anayewasimamia watoto, nikamwambia aufute mchezo ule, akanijibu: « Papa, batoto benyewe njo balitunga. Miye nabafungulia tu salle ya kuchezea. » Na mke wangu Rachida akanimaliza: « Lakini nani alitaja jina yako? Weye mwenyewe njo ulijijua. »

Mama, sijawahi kumpiga mtoto, na nyumbani hawalali njaa. Juma lijalo wanapeleka mchezo huo Beni, nikamwambia Issaka haendi, akanijibu polepole, « Sawa, papa, » akaenda kupanga viatu. Tangu hapo sina raha. Nimzuie au nimwache?

Daudi, Butembo

Papa Daudi,

Ulicheka mpaka machozi, kwa hiyo mchezo ni mzuri. Mchezo huo ungekuwa juu ya jirani yako, ungekuwa bado unapiga makofi.

Nimechoka na wakubwa wa mji huu! Tunawapenda watoto wakisimama mstari kumwimbia mgeni na kumpa maua. Wakifungua macho na kusema walichokiona sebuleni, tunadai wameharibika. Nani kawaharibu? Mwanao hakutukana mtu. Alikutazama vizuri kuliko unavyojitazama, na mtu hamtazami hivyo asiyempenda.

Lakini pole, na nasema kwa moyo. Barabara ile naijua. Mtu anayeshika usukani huku akikagua kila kichaka kama kuna wenye bunduki, akijiuliza kama jioni ataiona, hawezi kushuka akaanza kucheka. Unakuja nyumbani kupumzisha hofu, na kwako kupumzika ni kunyamaza. Shida ni kwamba watoto hawajui chochote juu ya hofu hiyo. Wanauona uso tu, na kila mmoja anadhani ndiye aliyekukosea.

Hujawapiga, sawa. Usidai zawadi kwa hilo.

Sasa sikiliza. Issaka aende Beni, na mchezo uende kama ulivyo. Usimwombe Siméon aongeze baba mwema mwishoni, huo utakuwa uongo wako katika kinywa cha watoto. Wale wa parking wakikutania, cheka nao, watachoka.

Kisha, kabla kikundi hakijaondoka, mwite Issaka peke yake. Mwambie: « Nilikasirika kwa sababu niliumia. » Mweleze siku moja uliyoogopa barabarani, siku ya kweli, bila kujifanya shujaa. Muulize ni lini wewe ulimwogopesha, halafu ungoje.

Anaweza asijibu. Usimlazimishe. Umemzoesha kunyamaza kwa miaka, hutamfungua kinywa kwa asubuhi moja. Kesho yake muulize tena.

Mama Syauswa