Ukungu wa Wodini

Kwa mdogo wangu Ouseph,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani Pala. Natumai hujambo wewe, mkeo na watoto, na kile kifua chako kimetulia. Sisi hatujambo. Shemeji yako Annamma bado ananifokea, kwa hiyo najua napona.

Utashangaa kupata barua yangu, maana tangu tugombanie mfenesi wa mpakani hatujasalimiana hata kanisani. Lakini yaliyonipata lazima uyasikie kwangu.

Kabla ya upasuaji wa tezi dume, Daktari Bindu alinieleza kuwa roboti hufanya kazi mgonjwa akiwa ameinamishwa, kichwa chini miguu juu, kwa saa kadhaa. Damu hujaa kichwani na presha ya macho hupanda, nami ninayo tayari. Nikamuuliza, "Mbona popo hulala hivyo maisha yake yote?" Akanijibu, "Popo hatumii dawa ya matone kila jioni, mzee." Aliahidi kunilaza sawa katikati ya kazi ili macho yapumzike. Hata hivyo niliogopa, Ouseph. Mgema utomvu wa mpira asiyeona atagema nini?

Nilipozinduka, kope zilikuwa zimevimba na dunia imegeuka maziwa. Taa zilivaa pete za rangi. Watu walipita wakielea, nami nikaelea nao, sijui kama niko macho au naota. Ndipo mtu akaketi kando yangu na bakuli la uji wa mchele. Nikauliza ni nani. "Mhudumu tu, mzee. Panua mdomo, usinimwagie." Akawa anakuja kila siku, ananifuta uso, ananiuliza kama naona. Nikamjibu naona ukungu tu. Siku niliyoruhusiwa kutoka, hakutokea.

Sasa nikwambie ukweli. Ukungu ule uliondoka siku ya pili asubuhi. Daktari alijua, nikamsihi anyamaze. Annamma naye alijidai kwenda dukani kila ulipoingia. Nilikuona vizuri, mdogo wangu: mvi zako, ulivyopuliza kila kijiko cha uji, na ulivyolia ukidhani sioni. Nilidanganya kwa sababu nilijua nikisema naona, utaondoka.

Nisalimie wote hapo kwako, hata mama mkwe wako na maneno yake. Njoo, Ouseph. Na safari hii uniangalie usoni.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Varkey